Siku Kumi Nilizokopa kwa Ajili ya Namba Moja

Mwalimu wangu wa hesabu katika kambi ya wakimbizi, huko Kigoma, alisema sitavuka darasa la saba. Nilipovuka, jirani yetu akasema sekondari ni ya watoto wenye nchi yao. Nilipomaliza sekondari, mjomba wangu alimwambia mama, nami nimesimama palepale, kwamba diploma haioti kwenye hema. Diploma ninayo. Iko ndani ya bahasha ya plastiki juu ya kabati, na kila mgeni anayeingia kwangu hapa Rumonge huiona kabla hajapewa maji ya kunywa. Sioni haya kusema hivyo. Aliyezaliwa akakuta kila kitu kipo anaweza kunyamaza. Mimi nilijitafutia, kwa hiyo niacheni niseme.

Ila neno lililonichoma kuliko yote hayo nililisikia baada ya kurudi nchini kwetu, kwenye mlango wa ofisi ya direkteri wa shule moja ya binafsi. Nilikuwa nimeshatoka nje, mlango haujafungwa vizuri, nikamsikia akiwaambia walimu wake: "Hataweza. Hawa wa Tanzania wanajua kusema tu."

Nilikwenda pale Jumanne, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa. Walikuwa wanatafuta mwalimu wa hesabu wa madarasa ya juu. Mimi wakati huo nilikuwa nakamua mawese kwenye kinu kimoja njiani kuelekea Kigwena, nikinuka mafuta mpaka kwenye nywele, huku karatasi zangu za ekivalansi, za kuitambua diploma ya Tanzania, zikizunguka ofisi kwa ofisi. Niliazima shati, nikaenda.

Direkteri alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mkali wa maneno. Aliigeuza diploma yangu mbele na nyuma.

"Hii ni ya kufundisha, ama ni ya kuhuzuria?" akauliza.

"Ya kufundisha hesabu, bwana direkteri."

"Kwa Kiingereza. Hapa watoto wanasoma kwa Kifaransa. *Nombre premier* unajua ni kitu gani?"

"Tulikosoma tuliita namba tasa. Namba isiyogawanyika kwa namba yoyote, isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe."

"Nipe moja."

Mtu mwenye akili angesema kumi na tatu, akaondoka na kazi yake. Lakini mle ofisini walikuwemo walimu watatu wanaonitazama viatu, nami nikasema, bila kupumzika katikati: "Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba."

Wakacheka. Mwalimu mmoja kijana akatoa simu, akabonyezabonyeza, kisha kicheko chake kikakatika. "Simu inasema ni kweli," akasema.

"Basi simu ndiyo ije ifundishe," direkteri akasema. "Yeye amekariri kama kasuku."

"Sikukariri," nikasema. "Ninaweza kuthibitisha. Kwa mkono, bila mashine yoyote."

Direkteri akaangalia kalenda ukutani. Kulikuwa na mtu mwingine anayetoka Bujumbura kuja kuomba kazi ileile, naye alikuwa amepangiwa Jumatatu. "Lete huo uthibitisho lundi, saa nne asubuhi," akasema. "Ukishindwa, rudi kwenye mawese yako, usitusumbue tena."

Ndipo nikatoka, nikasikia lile neno mlangoni.

Namba hiyo nilikuwa nayo tangu utotoni, na nilikuwa nayo kwa sababu ya aibu. Kambini, nikiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, niligundua mchezo. Unaanza na moja, unazidisha kwa mbili mara kadhaa, mwisho unapunguza moja. Ukizidisha mara tatu unapata nane, punguza moja, saba: tasa. Mara tano, thelathini na moja: tasa. Mara saba, mia moja ishirini na saba: tasa. Nikasimama mbele ya darasa nikatangaza kwamba nimepata kanuni ya kutengeneza namba tasa: chukua namba tasa yoyote, zidisha mbili mara hizo, punguza moja. Mwalimu akaniambia nifanye kwa kumi na moja. Nikapata elfu mbili na arobaini na saba, nikaipigia kifua. Yeye akachukua chaki, akaandika bila haraka: ishirini na tatu mara themanini na tisa. Ni elfu mbili na arobaini na saba kamili. Darasa zima liliniita "Themanini na Tisa" mpaka tukamaliza shule.

Tangu siku ile mpaka Jumanne ya direkteri, sikuwahi kusema namba ni tasa kabla sijaikagua. Nikazipanda ngazi hizo moja moja. Kumi na tatu, nzuri. Kumi na saba, nzuri. Kumi na tisa, nzuri. Ishirini na tatu na ishirini na tisa zinaanguka. Thelathini na moja ndiyo hiyo, 2147483647, na nilikuwa nimeisoma chuoni kwamba ni tasa, lakini kuikagua mwenyewe kwa mkono sikuwahi. Ilikuwa imenikaa kama mtu ninayemfahamu kwa sura tu, sijawahi kula naye.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo diploma inapoonekana.

Ukitaka kujua kama namba ni tasa, unaigawanya. Si lazima uigawanye kwa kila namba. Ukifika kipeuo chake cha pili inatosha, na kwa hiyo yangu kipeuo kinaishia elfu arobaini na sita mia tatu na arobaini. Hata ukiacha namba shufwa zote, bado ni zaidi ya ishirini na tatu elfu. Hakuna binadamu anayefanya hivyo kati ya Jumanne na Jumatatu.

Lakini namba hii imezaliwa kwa kuzidisha mbili, na aliyezaliwa na kitu ana alama ya kitu hicho. Chukua saba, mdogo wake. Anza na moja, zidisha kwa mbili, na kila ukizidi saba toa saba: moja, mbili, nne, kisha nane ambayo ni moja. Umerudi nyumbani kwa hatua tatu. Anza na tatu: sita, kisha tano, kisha tatu. Tena hatua tatu. Namba sita zilizo chini ya saba zimejipanga kwenye miduara miwili ya watu watatu watatu, hakuna aliyebaki nje. Hivyohivyo, kama ingekuwepo namba tasa inayoigawa ile kubwa, basi namba zote zilizo chini yake zingejipanga kwenye miduara ya thelathini na moja thelathini na moja. Maana yake: kigawanyo hicho, ukikipunguza moja, lazima kigawanyike kwa thelathini na moja. Kuna alama nyingine inayohusu nane, sitawachosha nayo. Ukiunganisha alama zote mbili, katika zile elfu ishirini na tatu zinabaki namba mia tatu sabini na tatu tu. Ukitupa zinazoishia na tano, na zile ambazo tarakimu zake zikijumlishwa zinagawanyika kwa tatu, zinabaki mia moja tisini na nane.

Kutoka elfu ishirini na tatu mpaka mia moja tisini na nane, kwa kukaa kitako na kufikiri. Niliifanya kazi hiyo Jumatano na Alhamisi jioni, mezani kwangu, na nilipomaliza nilimwita mke wangu aje aione. Akaitazama karatasi. "Na hizo mia moja tisini na nane nani anazigawanya?" akauliza.

Hapo alinishika. Kugawanya namba ya tarakimu kumi kwa namba ya tarakimu tano kunanichukua robo saa, na baada ya hapo ni lazima uzidishe kinyume kuhakikisha. Nikapiga hesabu: siku nilizobakiwa nazo hazikutosha, nami kinuni nilikuwa natakiwa kila siku. Nilihitaji mikono.

Kwetu mtu akizidiwa na shamba anaita ikibiri. Majirani wanakuja na majembe, wanalima shamba lake kwa siku moja, naye siku ile anakuwa amekopa siku ya kila mmoja wao. Hailipwi kwa pesa wala kwa pombe. Inalipwa kwa siku, ukiinama kwenye shamba la mwenzako kama alivyoinama kwenye lako. Nilijua ikibiri ya mihogo, nilijua ikibiri ya kuezeka nyumba. Ya kugawanya sikuwahi kuisikia, na mpaka leo ninadai kwamba wa kwanza kuiita ni mimi.

Nilianza na mama mwenye kinu, bosi wangu, mjane aliyeishia darasa la sita lakini anayejua idadi ya chikichi kwenye kishada kwa kukitazama tu.

"Namba hiyo inatusaidia nini?" akaniuliza.

Nikaokota chikichi moja chini. "Mama, siku ya kwanza ya mwezi weka hii. Ya pili weka mbili. Ya tatu nne. Kila siku mara mbili ya jana, mpaka tarehe thelathini na moja. Rundo lote la mwezi ndiyo namba yangu, haipungui wala haizidi hata chikichi moja."

"Haya."

"Rundo hilo huwezi kuwagawia watu sawasawa. Wakija wawili inabaki moja. Wakija mia zinabaki arobaini na saba. Waje wangapi, daima kuna kinachobaki, mpaka wawe wengi kama chikichi zenyewe, kila mtu na yake moja."

Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Iyo ni rundo ya urithi! Hakuna anayeenda nyumbani ameridhika." Kisha akasema: "Samedi kinu kinapumzika. Mulete watu. Na mimi nitagawanya."

Nikapata watu kumi wa kuja Jumamosi hiyo. Nitawataja wachache: mama mwenye kinu, mwanamke mchuuzi wa dagaa wa ziwani, tunaowaita ndagala, kutoka ufukwe wa Magara, ambaye kichwani mwake hesabu hukimbia kuliko kalamu, katekista mmoja wa Bugarama, ambaye hakuwahi kuikimbia nchi hata katika miaka mibaya, na aliyesomeshwa na mapadri, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili hapa mjini, na mke wangu, ambaye alisema, "Mimi pia niandike kwenye deni. Siku yangu si ya bure." Pamoja na mimi tulikuwa kumi na mmoja, na mia moja tisini na nane ukigawa kwa kumi na moja ni kumi na nane kamili. Nilipoona hivyo nilijua kwamba Mungu naye amesoma.

Ile namba kubwa niliiandika kwa chaki kwenye ukuta wa kinu, nikawafundisha kuitaja mpaka wakaijua kama wimbo. Vigawanyo niliviandika kwa mkono kwenye vikaratasi, nikavigawa kama karata ili kila mtu apate vidogo na vikubwa, wakavinakili kwenye madaftari yao. Tukakaa kwenye mabenchi na madebe yaliyopinduliwa, harufu ya mafuta imetuzunguka, ziwa linaonekana kati ya michikichi. Zilisikika kalamu tu. Watu waliorudi na watu waliobaki, ambao mwaka mzima wanatazamana kwa sababu ya mipaka ya viwanja, wameinama juu ya namba moja.

Mchuuzi wa ndagala alimaliza wa kwanza. "Mwalimu wa mawese," akaniita kwa sauti, "namba yako ni bahili. Kila mutu nilimupelekea, imemubakishia makombo."

"Makombo ndiyo tunayoyataka, dada."

"Mimi nilifikiri tunatafuta mutu wa kushiba."

"Akishiba mmoja tu, mimi nimekwisha."

Kila aliyemaliza alimpa jirani daftari lake, na jirani akazidisha kinyume: kigawanyo mara jibu, jumlisha baki, lazima irudi namba ya ukutani. Zote zilirudi. Mia moja tisini na nane, na hakuna hata moja iliyogawanyika bila baki. Jua halijazama tulikuwa tumemaliza. Nilikusanya madaftari kifuani kama mtu anayebeba mtoto wake kutoka ubatizoni, nikawaambia maneno mengi, mengine yananihusu mimi.

Jumapili mchana fundi cherehani akaja kwangu. Vile vikaratasi vyangu alikuwa ameviomba Jumamosi, maana yeye hubandika kikaratasi chenye vipimo kwenye kitambaa cha kila mteja, na karatasi siku hizi ni ghali. Alikuwa na kimoja mkononi.

"Mwalimu, hiki ni cha nani?"

Nikakitazama. Pembeni niliandika "Bugarama". "Cha katekista."

"Mimi ndiye nilimukagua katekista. Nilizidisha elfu moja mia moja tisini na tatu. Nakumbuka kwa sababu jibu lilikuwa na sufuri nyingi tamu: milioni moja na laki nane na sabini, baki mia moja thelathini na saba. Sasa nioneshe wapi hapa umeandika elfu moja mia moja tisini na tatu."

Nikatafuta. Haikuwepo. Ilikuwepo 7193.

"Umeona?" akasema fundi. "Saba yako ni fimbo na kikofia. Moja ya mapadri pia ni fimbo na kikofia. Mimi nashonea watu wa pande zote, nimeshaharibu suruali mbili kwa ajili hiyo."

Nilifungua madaftari. Watu watatu miongoni mwetu waliosomea hapa nchini walikuwa wameisoma kila saba yangu kuwa ni moja. Wamegawanya vizuri kabisa, wamehakikiwa vizuri kabisa, kwa namba ambazo hazikuwemo kwenye orodha. Nikahesabu: kumi na tisa. Vigawanyo kumi na tisa vilikuwa havijaguswa na mtu. Hesabu zote zilikuwa sahihi na uthibitisho ulikuwa na mashimo kumi na tisa.

Nikapanda baiskeli mpaka Bugarama, nikiwaka hasira. Katekista alikuwa anatoka kwenye ibada.

"Mzee wangu, tangu lini saba ikawa moja?"

Akakitazama kikaratasi bila wasiwasi. "Iyi ni moja."

"Ni saba! Nimeandika saba hivi tangu nizaliwe!"

"Mu Tanzania," akasema. "Hapa saba inavaa mukanda. Saba bila mukanda ni moja." Akachukua kalamu yangu, akachora kimstari katikati ya saba, akanirudishia. "Ehe. Sasa ni mutu mwenye heshima."

Nilicheka njiani nikirudi, lakini si sana. Ningeweza kuzigawanya mwenyewe usiku ule. Badala yake jambo moja lilininyima usingizi mpaka asubuhi. Nani angejua? Namba ni tasa, simu imeshasema. Direkteri asingekagua madaftari kumi na moja. Ningeyaweka mezani, yakapigiwa makofi, nikapata kazi. Kila nilipofika hapo nilimwona mwalimu wa kambini akiandika ishirini na tatu mara themanini na tisa.

Jumatatu saa nne nilikuwa ofisini. Walimu walewale watatu walikuwepo, na kwenye kiti karibu na dirisha yule mwombaji wa Bujumbura, kijana wa tai, na faili lake magotini.

"Umemaliza?" direkteri akauliza.

"Bado. Yapo mashimo kumi na tisa." Nikamweleza habari ya saba na mkanda.

Walimu wakaangaliana. Direkteri akafungua madaftari mawili matatu, akayafunga. "Ungeyaweka tu hapa, ningejuaje?"

"Huyu mwalimu kijana na simu yake angeweza kukagua orodha siku yoyote, bwana direkteri. Mimi niliwahi kuaibika mbele ya darasa moja. Sitaki la pili, hasa likiwa darasa langu mwenyewe."

"Bado si darasa lako."

"Kwa hiyo nipe chaki."

Nadhani aliona ni njia ya haraka ya kunimaliza. Tukaenda kwenye darasa tupu, madawati yamepangwa ukutani, ubao umepakwa rangi mpya. Nikaanza na ile ya katekista. 7193, na saba yake nikaivalisha mkanda. Jibu 298551, baki 6304. Yule mwombaji wa Bujumbura, bila kuambiwa na mtu, akatoa kalamu akawa ananifuata kwenye karatasi yake, hatua kwa hatua. Nikajua kwamba nikikosea, wa kwanza kujua atakuwa ni yeye, na kazi itakuwa yake.

Niligawanya mpaka mkono ukawa mweupe. Mwalimu mmoja aliondoka akarudi na sambusa. Kwenye ile ya kumi na mbili nilisimama kidogo, maana nilikuwa nimechukua nane mahali pa tisa, nikafuta kabla yule mwombaji hajanyoosha kidole. Nilimaliza ya kumi na tisa karibu saa tisa alasiri. Baki kumi na tisa, hakuna sufuri hata moja.

Direkteri alimgeukia yule kijana wa tai. "Iko kosa?"

Kijana akapitia karatasi yake kutoka juu mpaka chini. Kilichonipita moyoni wakati ule sikitamani tena. "Hakuna, bwana direkteri," akasema. Akaamka, akanipa mkono wenye wino nami nikampa wenye chaki. Angeweza kusema vingine. Nimefundisha wanafunzi wengi tangu hapo, na sijamsahau.

Direkteri aliutazama ubao. Kisha akasema: "Kifaransa chako ni kibaya."

"Nitajifunza."

"Saa ishirini kwa wiki. Utaanza kesho." Akafika mlangoni, akageuka. "Na ubao huo musiufute. Watoto waukute."

Basi kazi nikaipata, na siku kumi nikabakiwa nazo za kulipa. Mshahara ulipoanza kuingia, watu wakanishauri niwape wale kumi kitu kidogo, tuachane. Nilikataa. Walinikopesha siku, sikukopeshwa noti. Kila Jumamosi nilivua viatu vya ualimu nikaenda kwa mmoja.

Kwa mama mwenye kinu nilisukuma mtaimbo wa kukamulia kutwa nzima, naye akiwaambia wapita njia: "Munaona? Profeseri wangu huyo." Bugarama nilipalilia mihogo ya katekista mpaka mgongo ukalia, na kila nilipofika mwisho wa tuta aliniuliza kama mihogo ya Tanzania inavaa mkanda. Magara niligeuza ndagala juani, na mchuuzi wangu akanikemea kwamba nawapanga samaki kwa safu kama wanafunzi. Mke wangu alilipwa kwa siku nzima ya kufua, kupika na kwenda kisimani. Majirani walitoka kuangalia. Mwache aangalie anayetaka. Mtu mwenye diploma halemewi na ndoo.

Wa kumi alikuwa fundi cherehani, naye alinikwepa. Kila nikimwendea alisema, "Wallahi mwalimu, weye hunidai wala mimi sikudai. Siku ile nilikagua uongo. Nilikukopesha siku mbovu."

"Bila jicho lako ningeaibika."

"Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumapili sikukukopesha, nilikupa."

Ilipofika Desemba nilimkuta amezungukwa na vitambaa. Yeye ni Mwislamu, lakini nguo za Noeli za nusu ya mji zinapita kwenye cherehani yake. Sikuomba ruhusa. Nikaning'iniza utepe wa kupimia shingoni, nikachukua daftari lake la vipimo, nikasimama mlangoni. Siku ile nilipima mabega, nikashona vifungo, nikapiga pasi ya mkaa, nikaunguza kola moja na kukiri kosa.

Alasiri aliingia direkteri kutaka suruali ya sikukuu. Akaniona, akasimama.

"Mwalimu. Shule haikulipi ya kutosha?"

"Inanilipa, bwana direkteri. Inua mikono."

Nikamzungusha utepe kiunoni, ukaenda, ukaenda, ukafika. Mia moja kumi na saba. Nikaandika kwenye daftari, na ile saba nikaivalisha mkanda mpana, ulionyooka. Fundi akanyoosha shingo kutoka kwenye cherehani.

"Soma," akaniamuru.

"Mia moja kumi na saba."

"Al-hamdulillahi. Angesoma mwingine mia moja kumi na moja, Noeli hii direkteri angeimba bila kupumua."

Direkteri alicheka kabla yangu.

Alipoondoka, fundi alifunika cherehani, akatoa vitambaa kwenye kiti cha wateja, akakifuta kwa kiganja. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi. Akamimina chai ya tangawizi kwenye vikombe viwili.

"Kaa sasa," akasema. "Mutu asiye na deni anakunywa chai amekaa."

Nikakaa.